Alama Mbele ya Valvu ya Nne

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini goti limetulia na sasa unapanda ngazi bila kushikwa mkono. Shemeji na wanangu hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Lililo moyoni ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu, maana kwa simu ungenikatiza.

Kazi yangu hapa kituo cha kusukuma maji unaijua. Zamu inayotoka huandika hali ya mitambo kwenye kompyuta, katika lile dirisha jeusi la maandishi matupu wanaloliita teminali. Asubuhi mimi huyachapisha kwenye karatasi, mafundi wakaenda nayo. Miezi mitatu iliyopita tuliletewa mwenzetu mpya, tukampa jina la Mkimya kwa uchache wa maneno yake. Yeye akapewa kompyuta mpya, mimi nikabaki na ile kongwe.

Tangu aje, taarifa zikaanza kuota vijisanduku. Hapa kimoja kitupu, pale viwili na alama ya kuuliza, na maneno yanayofuata yamesukumwa pembeni. Kwenye mstari wenye jina la zamu yangu hakikukosekana hata siku moja. Nilipomwuliza, akasema kwake hakuna kijisanduku, ni emoji tu. Nikaona ananifanya mtoto. Emoji nazijua, zimejaa kwenye simu yangu, zina macho na meno! Tena yeye na mtunza stoo walikuwa wakicheka, nikiingia wananyamaza. Dalili ya mvua ni mawingu, dada. Nikaamini wananiandikia mafumbo, wanakitaka kiti changu.

Nikaanza kuhifadhi nakala za taarifa zake kwenye faili langu la siri, ziwe ushahidi siku ya siku. Kisha kila asubuhi navifuta vijisanduku vyote kwenye taarifa yenyewe, ile tunayoitumia sote, kabla ya kuchapisha, na raha naisikia kama ang'oaye magugu.

Jumanne, wiki tatu zilizopita, yule fundi mcheshi aliyekubebea mizigo ulipokuja kunitembelea aliifungua valvu ya nne. Kumbe ndani mlikuwa na mgandamizo mkubwa. Ilifyatuka ikamvunja mkono mahali pawili. Karatasi yake ilisema tu kwamba valvu imefungwa. Mkimya aliapa mbele ya meneja kuwa aliweka alama ya hatari. Wakatazama kwenye kompyuta, hawakuona kitu, akasimamishwa kazi. Nami nikasema moyoni, za mwizi ni arobaini.

Juzi alikuja mama mmoja mtaalamu wa kompyuta. Aliposikia malalamiko yangu alisema fonti ya mashine yangu, yaani yale maumbo ya herufi zake, ni ya zamani, haina hizo picha, ndiyo maana inachora visanduku. Akaweka mpya. Alipotoka nikalifungua faili langu la siri. Mbele ya zamu yangu, kila siku, kikombe cha chai: Mkimya alikuwa akinijulisha kuwa amenibakishia kwenye chupa. Na mimi siku zote nilidhani ni mfagizi amesahau kuimwaga. Nikashuka hadi ile Jumanne. Mbele ya valvu ya nne palikuwa na pembetatu ya manjano, na alama ya mshangao ndani yake.

Dada, niliyeifuta ni mimi.

Jana baada ya kazi nilikwenda kwake na ile nakala mkononi. Nilimkuta anamenya viazi. Nikaeleza yote nimesimama mlangoni, nikisubiri matusi. Hakutukana. Alimwita mkewe kutoka chumbani, akaniambia, "Rudia. Huyu naye hajaniamini." Nikarudia. Mkewe aliketi chini akajifunika uso kwa kanga, na Mkimya akawa anamtazama yeye, si mimi.

Kesho saa mbili asubuhi naingia kwa meneja, nikitoka huko naenda kumwona fundi. Wewe ndiye uliyeniombea kazi hii, kwa hiyo nimetaka ulisikie kwangu kabla halijakufikia kwa midomo ya watu. Huenda nikaja kwako na mizigo yangu yote. Sebuleni panatosha.

Msalimie sana shemeji, watoto wabusu mmoja mmoja. Mama usimwambie bado, presha yake unaijua, nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba