Jicho la Kushoto la Osmundi

Gendabi, Hanang
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Kristina,

Shikamoo. Kwanza nieleze habari za miguu yako. Katika barua yako iliyopita uliandika kwamba huwezi tena kupanda hadi kwenye mibuni ya juu, na kwamba binti yako ndiye anayechuma siku hizi. Usijilazimishe. Kahawa ikikaukia mtini si msiba. Kifua cha shemeji kimetulia? Na lile paa la kigango, mmekwisha kuliezeka, au bado mnasali chini ya turubai?

Mimi ni mzima wa mwili. Naandika hivyo kwa sababu wewe ndiwe uliyenilea baada ya mama, na ulinikataza kuandika uongo hata katika salamu.

Barua hii inahusu Osmundi, mwanangu. Ulimwona mara moja tu, nilipomleta Mbinga akiwa na miaka sita, akakataa kula samaki kwa sababu hakuwahi kuwaona wakiwa na macho. Sasa ana miaka thelathini na mmoja. Ana mwili wa baba yetu: mabega mapana, shingo fupi, na mikono ambayo hujaza mlango. Alipokuwa katika machimbo ya Mererani alijiunga na wachimbaji waliokuwa wakicheza ngumi siku za mapumziko, na huko akajulikana. Alirudi Gendabi miaka miwili iliyopita, akaoa binti wa Kibarbaig, nao wanatarajia mtoto wao wa kwanza.

Katesh kuna mtu mmoja aitwaye Bura, mwenye banda la video karibu na stendi. Mwaka huu amenunua dishi. Tangu ilipotangazwa kwamba mabingwa wawili wa dunia wa uzito wa juu watapambana huko Ulaya ili kuunganisha mikanda yao, abaki bingwa mmoja tu, mji huu hauna habari nyingine. Ukienda kununua chumvi, muuza chumvi anakuuliza uko upande gani. Mimi, niliyefundisha sarufi kwa miaka thelathini na minne, nimesimamishwa barabarani na watu wazima wakitaka niwaamulie yupi kati ya Wazungu wawili nisiowajua ana mkono mrefu zaidi.

Bura si mjinga. Aliona kwamba watu wakisubiri jambo la mbali kwa muda mrefu, watalipokea kwa furaha jambo la karibu linalofanana nalo. Akampa fundi viatu ngozi ya ng'ombe, akashona mikanda miwili mipana yenye vibati vya njano mbele. Mmoja ulipiganiwa Mbulu, akauchukua kijana wa Endagikot aitwaye Tluway, ambaye hupasua mawe ya kujengea. Mwingine ulipiganiwa Katesh, akauchukua Osmundi. Jumamosi ijayo, mchana, watapambana katika uwanja wa Katesh ili mikanda hiyo iunganishwe. Jioni watu wataingia bandani kutazama pambano la Ulaya. Bura hutangaza hayo yote kwa kipaza sauti, akiwa amesimama nyuma ya gari dogo la mizigo.

Nilikuwepo siku alipotangaza mnadani. Mfanyabiashara mmoja wa vitunguu saumu kutoka Mbulu alisimama juu ya gunia lake akasema, "Tluway wetu anapasua mwamba! Huyo wa kwenu atapasuliwa kama kokoto!"

Mzee mmoja mwenye fimbo akamjibu bila hata kugeuka, "Mwamba haujawahi kumrudishia mtu ngumi. Mwambie aje, atajifunza."

"Na ninyi mnajua kuchunga tu! Ng'ombe anapigwa raundi ngapi kwenu?"

"Mpaka aombe radhi. Ninyi Wambulu mmezoea kupigana na viazi, navyo mnavikuta vimelala."

Watu walicheka hadi mama mmoja akakalia mayai yake mwenyewe. Nami nilicheka, dada. Wakati huo nilikuwa sijajua.

Nilikuja kujua mezani kwangu. Osmundi alikuja kunisalimia, nikamwekea kikombe cha chai upande wake wa kushoto. Alikaa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu kama nyumbani hakuna chai siku hiyo. Nikamwambia iko mbele yake. Akageuza kichwa chote, kama mtu anayetazama nyuma ya mlango, ndipo akaiona. Nilichukua kalamu, nikaipitisha polepole kando ya sikio lake la kushoto kuelekea puani. Ilipofika puani ndipo akapepesa macho.

Juma lililofuata daktari wa macho alikuja Katesh kupima watu. Nilimpeleka Osmundi kwa ukali, kama nilivyokuwa nikimpeleka shule. Daktari alimtazama kwa taa kwa muda mrefu, akanieleza mimi badala yake, labda kwa sababu ya mvi zangu. Alisema kwamba utando wa ndani ya jicho la kushoto umebanduka tangu zamani, huenda tangu Mererani, na jicho hilo limekwisha. Akasema jicho la kulia nalo limeanza kuchanika pembeni. "Mwalimu, huyu asipigwe kichwani hata kofi la utani. Akipigwa, unaweza kumwongoza kwa fimbo maisha yake yote." Akaandika hayo katika karatasi, akatia sahihi.

Nitakalokueleza sasa ni kosa langu, na ninaliandika waziwazi ili usilitafute kwa mtu mwingine.

Bura hakutaka kufanya pambano bila baraka za wazee wa Kibarbaig, kwa kuwa bila hizo vijana wao wasingekuja. Basi Mzee Gidamesa, kaka yake marehemu mke wangu, aliita kikao bomani kwake, nami nikaitwa kama baba. Nilikwenda nikiwa na karatasi ya daktari mfukoni, pamoja na karatasi yangu mwenyewe ambayo juu yake nilikuwa nimeandika sababu za kukataa, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio mzuri.

Katika vikao vyao jambo hutajwa kwanza, kisha kibuyu cha pombe ya asali huzungushwa. Anayekunywa baada ya jambo kutajwa ametoa neno lake. Asiyekubali hukirudisha kibuyu bila kukionja, ndipo watu humwuliza sababu. Hili nimelijua tangu nilipooa. Lakini kwa miaka yote hiyo kibuyu kilikuwa kikinipita. Sinywi pombe, kama ujuavyo, na zaidi ya hapo mimi ni mgeni. Walimpa aliye kulia kwangu, kisha wakampa aliye kushoto, kana kwamba pale katikati hakuna mtu. Nilizoea. Nilijiambia kwamba nimezoea.

Siku hiyo Gidamesa alitaja jambo la pambano. Kisha akasimama, akaja na kibuyu mwenyewe, akakishika kwa mikono miwili mbele yangu.

"Shemeji," alisema, "dada yangu alikufa akituambia kwamba tunakukalisha kama mfuko wa mtu aliyekwenda kununua tumbaku. Alisema kweli. Leo wewe si mgeni. Mtoto wako ni mtoto wa boma hili. Kunywa."

Nikanywa.

Sitajitetea kwamba sikuelewa. Nilielewa, ila kwa dakika ile nilisikia maneno ya mwisho tu. Nilidhani ninapokea kwanza udugu wao, na kwamba sababu zangu zitafuata. Nilipojifuta midomo nikatoa karatasi. Wazee walitazamana. Mmoja akacheka kidogo, bila ubaya.

"Karatasi ya nini tena, Mwalimu? Umekwisha kunena."

Niliwasomea hata hivyo. Niliwasomea na ya daktari. Walisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama mtu anavyosikiliza mvua iliyokwisha kunyesha. Gidamesa akaniuliza kwa huzuni, "Kwa nini hukukirudisha kibuyu? Tungekuuliza. Tungekusikiliza."

Kesho yake nilirudi kuomba neno langu lifutwe. Gidamesa aliniambia kwamba neno la mzazi lililotolewa pamoja na asali halirudi mikononi mwake. Likirudishwa, humwangukia mtoto, au mtoto wa mtoto. Mimi ni Mkristo, dada, na hayo siyaamini. Ningeondoka pale nikampeleka Osmundi mbali kwa nguvu za baba. Lakini nilipofika nyumbani kwake nilimkuta mke wake amekwisha kupata habari. Alikuwa amekaa chini, mikono miwili juu ya tumbo lake.

"Baba," aliniambia, "usilirudishe neno lako. Nakuomba. Mimi ndimi niliyembeba huyu."

Nikamwuliza kama anajua habari za macho ya mumewe. Akasema anajua tangu walipooana. Yeye ndiye humwekea sahani upande wa kulia.

Nikaenda kwa Bura. Nilimwekea karatasi ya daktari juu ya meza yake. Aliisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mwalimu, nakuheshimu. Lakini nitawaambia watu nini? Mbulu wanakuja na malori. Mabenchi nimeyaazima kwa makanisa yote matatu. Na mwanao nimemwuliza mwenyewe, hapo ulipokaa. Amesema anaona."

"Amekudanganya."

"Basi mlete aniambie kwamba amenidanganya."

Kwa hiyo nikabaki na Osmundi mwenyewe. Nilimkuta akijaza mchanga katika gunia lake la mazoezi. Nilimwamuru akae. Alikaa. Nilimwambia kwamba mimi ni baba yake, kwamba neno la kibuyu ni langu, na kama lina laana basi na inipate mimi, mtu mzee.

"Baba," alisema, "unajua wananiitaje hapa?"

"Wanakuita Osmundi."

"Wananiita mtoto wa mwalimu. Tangu nilipozaliwa. Nikichunga nao, ni mtoto wa mwalimu. Nikioa kwao, ni mtoto wa mwalimu. Kabila langu hawalijui, na huko kwenu Mbinga sijui hata njia. Majuzi nilipita kisimani, vijana wakasimama. Wakasema, huyo ni wetu. Mimi, Baba! Unataka niende niwaambie kwamba mimi ni kipofu?"

"Jumapili utakuwa kipofu kweli. Huyo wanayemwita wao, watamfanya nini?"

Sijawahi kumfundisha mwanafunzi ambaye alifikiri swali kwa uaminifu kuliko yeye siku hiyo. Kisha akasema, "Na wewe ulikunywa, Baba. Ulikuwa na karatasi mbili mfukoni, na ukanywa."



Leo asubuhi, baada ya misa, alikuja na glovu. Aliniomba nisimame upande wake wa kushoto nimrushie ngumi, ili ajifunze kuzisikia hewani kabla hazijafika. Nilikataa. Akasema kama si mimi atamwomba mwingine, na huyo mwingine atajua. Basi nikavaa glovu, mimi mwenye umri huu, nyuma ya nyumba, mbele ya kuku. Nilimrushia ngumi ya kwanza, polepole sana, kama mtu anayesukuma mlango. Ikamgusa shavuni. Nikarusha ya pili na ya tatu. Zote zilifika. Alikuwa amesimama imara, mikono juu, akingojea.

"Anza, Baba," akasema.

Nikamwambia nimekwisha kuanza. Akacheka, akasema hizo alidhani ni upepo wa mlimani.

Nimemwomba Bura niwe katika kona ya mwanangu siku hiyo. Amekubali. Nitashika ndoo na taulo. Osmundi amekwisha kunionya kwamba nikiitupa taulo ulingoni, ataikanyaga na kuendelea. Namwamini.

Nisalimie shemeji, na mwambie aendelee kulala kwa mto wa juu. Nisalimie binti yako anayechuma kahawa, na mjane wa kaka yetu, ambaye sijamwandikia tangu msiba, nami naona aibu. Mpe salamu katekista jirani yako. Usimweleze habari hizi, kwa maana atazisimulia kanisani zikiwa na mafundisho ndani yake, nami sioni fundisho lolote.

Barua kutoka huku hukufikia baada ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo unapoyasoma haya, Jumamosi imekwisha kupita, mikanda imekwisha kuunganishwa, na watu wa Katesh wanazungumza jambo jingine. Usimwombee mwanangu ashinde wala asipigwe. Umechelewa, dada, si kwa kosa lako. Mwombee yule mtoto atakayezaliwa, kwamba awe na sauti nzito, ili baba yake amtambue.

Ni mimi mdogo wako,

Alfonsi