Sisimizi Kwenye Sahani

Buyenzi, Bujumbura
siku ya tatu baada ya Idi, 2004

Kwako Baba Sumaya, huko Kigoma,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mvua imeanza na bati la jikoni linavuja palepale. Risasi siku hizi tunazisikia kwa mbali tu. Mafundi wenzako wa gereji wanakusalimia.

Yule daktari aliyepeleka damu ya marehemu mtoto wetu Ulaya amepata majibu. Alinieleza kama mke wa fundi: petroli ilikuwamo, lakini injini ndogondogo za mwili wake hazikuweza kuichoma, kwa sababu protini moja inayosaidia kuziunda ilikuwa na kasoro. Alizaliwa nayo. Mtoto huirithi kwa baba na mama wote wawili, na sisi ni binamu. Maziwa yangu hayakuwa na kosa.

Unakumbuka mama yako, shangazi yangu, alivyonikamua kwenye sahani akatia sisimizi? Sisimizi akafa. Akasema, "Apana, asimunyonyeshe tena, maziwa yake ni sumu." We ukaenda kununua maziwa ya kopo. Siku kumi na moja nilijifunga kifua kwa kitenge, Sumaya akinililia chumba cha pili. Siku ya kumi na mbili hakulia.

Shangazi bado sijamwambia, amezeeka.

Jana nilikoroga maziwa ya kopo, nikayamimina kwenye sahani ileile, nikatia sisimizi. Naye akafa.

Ni mimi,
Mama Sumaya