Daktari Bouazza na shavu la Lalla

Izza, uko wapi? Mbavu zinaniuma kwa kucheka!

Unamjua Lalla, yule kima mzee wa kituo chetu cha kutunza kima hapa Azrou. Shavu limemvimba tangu Jumatatu, na damu inamtoka mdomoni.

Leo Daktari Bouazza kamtazama kwa mbali, kawatangazia wanafunzi: "Saratani ya mdomo hiyo, imeshakomaa. Tumpumzishe leo leo."

LEO LEO, Izza!

Mama Tuda anayewalisha kima akamwambia, "Mwanangu, hujamtia hata kidole mdomoni."

"Mama, saratani naijua mimi."

Basi Lalla kachomwa sindano ya usingizi, ile ya kumuua ikisubiri. Mama Tuda hakungoja, kapenyeza vidole kwenye mfuko wa shavu. Zikatoka lozi tatu na kizibo cha soda! KIZIBO! Daktari kanywea.

Halafu Mama Tuda akaacha kucheka. "Hebu gusa hapa." Ndani kabisa palikuwa na kidonda kigumu, kidogo kama dengu. Huenda ndiyo saratani yenyewe, ila bado changa. Daktari kakikata chote, kisha akambusu Mama Tuda kichwani kwa heshima mbele ya wanafunzi wake.

Lalla alipozinduka alimkodolea macho daktari, akamng'oa kifungo cha koti, akakitia shavuni.