Unyoya Umelala Mezani Kwangu

Jumanne, 4 Machi 2014

Tanis, binti wa kaka yangu, amekuja tena na mdomo wake mtamu. Keshokutwa kuna kikao cha duara ukumbini, eti sisi tuliosomeshwa bweni kwa masista tusimulie yaliyotupata. Ananiambia: Shangazi, ukisema utautua mzigo. Nani kamwambia nataka kuutua? Nimempa chai, nikamfukuza.

Jumatano, 5 Machi

Nitakwenda. Verna naye anakwenda — nataka kuona atasema nini, na kwa uso gani! Verna aliyepita kati ya vitanda vyetu masikio wazi, kisha mbio kwa sista: fulani kaongea Kikree, lugha yetu waliyoipiga marufuku. Alikuwa akipewa tofaa. Wapan, mdogo wangu, aliniomba maji kwa Kikree, basi. Wakamfungia stoo ya viazi, baridi kali. Akatoka na kikohozi. Hakuiona tena nyumba yetu. Sijamsimulia mtu, hata marehemu mume wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Kalamu inatoboa karatasi kwa hasira. Unyoya wa tai ulianzia kwa Verna. Mwenye unyoya ndiye msemaji. Wengine kimya mpaka aupitishe. Akalia! Njaa, fimbo, kunyolewa nywele — yote kweli, sikatai. Tofaa hakulitaja. Wapan hakumtaja. Ukumbi mzima ukamlilia, na mimi siruhusiwi kumkatiza.

Halafu akanipitishia mimi. Nilijua nikifungua mdomo nitatukana. Nikautia ndani ya koti, nikaondoka nao. Hakuna aliyenizuia. Kuninyang'anya ni mwiko, na duara halifungwi mpaka niupitishe.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi Tanis kapiga simu. Watu wamerudi ukumbini, wamekaa tu, hakuna anayeweza kusimulia. Nimemwambia wanywe supu. Nikamgombeza mbwa kwa Kikree. Huyu namsemesha Kikree tu, tangu mdogo, makusudi.

Mchana — hodi mlangoni. Verna! Peke yake, theluji hadi magotini.

"Umefuata nini? Matofaa yamekwisha."

Hakujibu. Nikamwita mchongezi. Kimya. Nikamwita muuaji wa mtoto. Kimya! Nikadhani ni kiburi. Kumbe macho yake yako mezani, kwenye unyoya. Zamu bado ni yangu. Anaiheshimu.

Mwanamke aliyeshindwa kufunga mdomo siku ambayo kimya kingemwokoa Wapan, leo kaufunga. Nimezidi kumchukia. Nilitaka abishe, nimrukie.

Nimeuacha mlango wazi, baridi inaingia, naandika huku namwona. Haondoki.

Haya. Nitaanza kwa Kikree, na jina la mdogo wangu kwanza. Atasikiliza mpaka mwisho. Ngoja nishike unyoya, nivute kiti.

Changu tu. Yeye asimame.