Kilango cha Nobby

Nelson, Lancashire
6 Novemba 1983

Mwanangu Lorna,

Kwanza salamu. Mimi mama yako mzima, ila kifua kinanipigia filimbi asubuhi, wala usijali. Shangazi yako Nellie mzima, mguu wake wa kushoto bado unabishana naye. Mzee Clough wa nyumba ya pili mzima, useremala amestaafu lakini mdomo haujastaafu. Mkewe Ivy mzima, anasema skafu uliyomfumia anaivaa kanisani mpaka wenzake wanaona wivu. Saa ya marehemu baba yako ukutani nzima, inachelewa dakika tano kama kawaida yake. Na Nobby paka mzima, kanenepa. Hao ndio watu wa kwetu sasa, nimewataja wote.

Na huko kisiwani? Magnus hajambo? Mama mkwe hajambo? Na huyo mdogo tumboni, anacheza? Nimehesabu kwa vidole, mwisho wa Februari. Kila nikihesabu naomba, maana yule wa kwanza alitutoka tukiwa tumeshafuma soksi.

Umeniomba nije nikae nawe wakati huo. Mwanangu, nitakujaje? Nobby nitamwachia nani? Kutwa nzima yeye ni kutoka na kuingia. Anakwaruza mlango namfungulia, sijakaa vizuri anakwaruza tena upande wa pili. Nikienda dukani naliacha dirisha la jikoni wazi, nimelikingia kipande cha sabuni lisijifunge. Nikiondoka wiki tatu, dirisha likae wazi wiki tatu? Wezi wataingia, na kabla ya wezi litaingia lile dume la rangi ya chungwa la mtaa wa reli, halina adabu, juzi limekula siagi yangu. Ivy angemlisha, lakini kumfungulia mara kumi kwa siku hawezi, magoti yanamsumbua. Mzee Clough akimgusa anang'atwa.

Basi nisamehe. Niandikie. Usinipigie kwa simu ya kina Clough, unajua ile simu ndiyo iliyoniletea habari ya baba yako. Nikiisikia ikilia ng'ambo ya ukuta, miguu inakufa ganzi.

Mama yako.


Stromness, Orkney
15 Novemba 1983

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Magnus anakusalimu, mama yake pia. Mtoto anacheza sana, hasa nikitaka kulala. Nesi amesema presha yangu imepanda kidogo, nisinyanyue vitu.

Kumbe mkuu wa kaya siku hizi ni Nobby. Mama, kuna kitu kinaitwa kilango cha paka. Ni kijimlango kidogo kinachoning'inia, kinafungwa chini kwenye mlango mkubwa. Paka anakisukuma kwa kichwa, anapita, kinajirudi chenyewe. Jirani yetu hapa anacho, na paka wake si mwerevu kama Nobby. Shangazi Nellie si ana kile kitabu cha kuagizia bidhaa? Angalieni humo. Vipo vya kawaida, na vipo vya sumaku: paka anavalishwa sumaku shingoni, akikaribia komeo linaachia, paka mwingine anabaki nje anashangaa. Chagueni hicho, dume la mtaa wa reli lisikufilisi siagi. Mzee Clough atakifunga asubuhi moja tu.

Na hilo dirisha, mama. Novemba hii, na kifua hicho.

Naogopa. Magnus sijamwambia, nakwambia wewe.

Mwanao, Lorna.


Nelson
24 Novemba 1983

Mwanangu Lorna,

Salamu kwako na kwa Magnus na kwa mama mkwe. Hapa wote niliowataja wako vilevile, ila Nellie mguu umemzidi.

Presha hiyo usicheze nayo. Kunywa supu, chumvi punguza, lala ubavu wa kushoto.

Hicho kilango nimekisikia. Lakini mlango wa nyuma unaujua. Kiwanda chetu cha kufuma kilipovunjwa, baba yako alizibeba zile mbao za sakafu mgongoni, sakafu niliyosimama juu yake miaka kumi na tisa. Majira mawili ya baridi alipiga randa. Hauna msumari hata mmoja. Watu walikuwa wanaletwa kuuona, anaugonga kwa ngumi anasema, "Mlango huu, hata shetani akitaka kupita atabisha hodi." Na Nobby alikuwa anamfungulia mwenyewe: "Pita, bwana mkubwa."

Leo nije niutoboe mimi? Atanionaje?

Usinikasirikie. Niandikie upesi.

Mama yako.


Stromness
2 Desemba 1983

Mama,

Shikamoo. Barua nimepata. Sisi wazima.

Nimeelewa. Ila baba aliutengeneza mlango ule ili tupite.

Mwanao, Lorna.


Nelson
9 Januari 1984

Mwanangu Lorna,

Salamu nyingi za mwaka mpya, kwako, kwa Magnus, kwa mama mkwe na kwa mdogo. Tangu Desemba umenyamaza, kadi ya Krismasi umetia sahihi tu. Yale maneno yako ya mwisho niliyaweka chini ya saa nikawa nayapita kila siku. Nimepita mpaka nimeshindwa.

Basi keti nikusimulie.

Nilikwenda kwa Nellie tukafungua kile kitabu cha bidhaa. Vilango vya paka kurasa mbili. Nellie akataka cha kahawia, kifanane na mbao. Nikamwambia, wifi, paka hatazami rangi. Tukaagiza cha sumaku kama ulivyosema. Kilikuja kwenye boksi na karatasi ya maelezo yenye maandishi kama siafu. Mzee Clough akavaa miwani yote miwili akasoma: kwanza pima paka, toka sakafuni mpaka tumboni, maana kizingiti kisizidi hapo, asije akawa anaruka kama farasi.

Mwanangu, kumpima Nobby. Anakaa. Ukimsimamisha anamwagika kama uji. Ikabidi nishike samaki wa kukausha juu ya pua yake, ndipo akasimama, Mzee Clough kalala kifudifudi na rula, miaka sabini na mitatu. Tulipata vidole vinane. Kisha mzee hakuweza kuinuka. Ivy alipoingia akatukuta namvuta mikono, akauliza kama tunacheza dansi.

Jumamosi wakaung'oa mlango, yeye na mkwewe. Wakatoa kitasa, wakaulaza uani juu ya mabenchi mawili, akachora mraba wake kwa penseli upande wa chini. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, sitaki kuona wala sitaki kuacha kuona. Keekee ya kutobolea ikiwa mkononi, mvua ikaanza. Si unaijua mvua yetu. Wakaubeba mlango mbiombio ndani, pale kwenye fremu ukakwama, wakaugeuza, wakaupindua, wakauingiza. Nami nikasema kabla ya kuendelea tunywe chai, maana nani anakata mbao na koo kavu. Tukanywa na keki, Mzee Clough akaeleza habari za mlango wa benki alioutengeneza zamani, na chai ikaongezwa.

Akarudi kazini. Akatazama, hakuona alama yake ya penseli. Akasema mvua imefuta. Akapima upya, akachora, akatoboa pembe nne, akaingiza msumeno mwembamba. Kipande kikaanguka, safi kabisa. Wakausimamisha mlango.

Tundu lilikuwa juu. Alama yake ya kwanza ilikuwa upande wa pili, chini, haijafutika hata kidogo.

Mzee Clough alikuwa mweupe kama unga, kavua kofia kama yuko msibani. Nobby akaja akakaa mbele ya mlango, akainua kichwa akalitazama lile tundu, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Edna, yupo twiga mtaani?"

Lorna, nilicheka. Nilikaa kwenye sakafu nikacheka mpaka kifua kikaniuma, na nikajua kwamba sijacheka tangu baba yako alipotoka na jembe lake asirudi, mwaka na miezi miwili. Maana nilimsikia, mwanangu, nilimsikia kabisa jinsi ambavyo angecheka. Angemwita mtaa mzima waje waone. Na mimi nilikuwa nadhani ningesikia hasira yake.

Nikamwambia mzee akate na la chini. Akakata, akakaza skrubu, akakifunga kilango. La juu alilitilia kioo, na sasa jikoni kuna mwanga asubuhi, naliona jua bila kufungua kitu.

Nobby siku mbili alikidharau. Siku ya tatu nikamwekea samaki upande wa pili, akapita kama mwenyewe. Ila ile sumaku ya shingoni inaokota. Juzi karudi na misumari miwili, jana na kijiko cha chai, si changu. Ivy anakitafuta chake.

Kwa hiyo mlango tayari. Sasa niambie kama bado unanitaka. Andika upesi.

Mama yako.


Nelson
26 Januari 1984

Lorna mwanangu,

Barua sijaipata. Wiki mbili na nusu sasa. Posta wananiambia meli zilisimama kwa dhoruba, nimeuliza mara tatu.

Simu ya kina Clough haijalia. Natega sikio ukutani isilie, halafu nashangaa mbona hailii.

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie. Hata neno moja.

Mama.


Stromness
28 Januari 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote: mimi mzima, na mtoto mzima.

Ni msichana. Amezaliwa tarehe ishirini na nne, wiki tano kabla ya wakati. Presha ilipanda wakanilaza hospitali tangu mwanzo wa Januari, ndiyo maana nilinyamaza, sikutaka uikohoe habari hiyo peke yako. Ana ratili nne na nusu, kama mkate wa Jumapili. Walimweka kwenye sanduku la joto siku tatu, jana wamemtoa. Ananyonya. Akilia ni Nobby mtupu.

Magnus alitaka kupiga simu kwa kina Clough. Nilimkataza, nikamwambia mama ataanguka kabla hajasikia ni habari njema.

Barua yako ya mlango nililetewa wodini. Nilicheka, wenzangu wakauliza, nikamsomea mmoja, nesi akaichukua akawasomea wodi nzima. Sasa kila daktari akiingia wanamuuliza kama amemwona twiga. Nadhani presha ilishuka siku ile.

Kosa langu ni ile barua ya Desemba. Nisamehe. Ndiyo, nakutaka. Njoo.

Jina bado. Magnus anataka la bibi yake, mimi sijaamua.

Mwanao, Lorna.


Nelson
6 Februari 1984

Mwanangu Lorna, mama wa mtu,

Salamu kwako, salamu kwa Magnus, kwa mama mkwe, na kwa nesi aliyesoma barua yangu hadharani, mwambie mwandiko wangu haukuwa wa kusomwa na watu. Na salamu kwa mjukuu wangu wa ratili nne na nusu. Nimembusu kwenye karatasi hapa chini, mguse nayo.

Barua yako ilidondoka sakafuni nikiwa ngazini. Nilipofika "mimi mzima na mtoto mzima" niliketi palepale ngazini, sikusoma mbele mpaka chai ikapoa. Kisha nikagonga ukuta. Clough na Ivy walikuja mbio wakidhani nimeanguka. Ivy alilia. Mzee alisema alijua tangu mwanzo, mwongo yule, alikuwa hata hali chakula kwa wasiwasi.

Sasa nikuambie jambo, na usimwambie Nellie. Sababu haikuwa Nobby. Nobby angekaa kwa Ivy na samaki wake bila hata kuniulizia. Mimi ndiye niliyeogopa kutoka. Baba yako alitoka asubuhi moja akasema anarudi saa nne, na mimi nikaona mtu akitoka nyumba hii hairudii tena. Nikawa mlangoni, nafungua na kufunga, nafungua na kufunga, nikijiambia ni kwa ajili ya paka. Sasa namtazama akipita mwenyewe. Anatoka, anarudi, anatoka, anarudi, hata hageuki nyuma. Nikasema, na mimi basi.

Dirisha la jikoni nimelifunga tangu Jumanne. Ile sabuni nimeifulia. Filimbi ya kifua imepungua.

Naondoka Alhamisi tarehe kumi na sita. Mkwe wa Clough atanifikisha Preston, nitapanda treni mpaka zinapoishia reli, na meli nitafumba macho. Mkate wa tangawizi nimeshaoka. Ivy atajaza bakuli la Nobby asubuhi na jioni. Kijiko chake amekipata.

Jambo moja bado. Kile kipande cha mbao kilichotoka kwenye tundu la juu, tundu la twiga, Mzee Clough hakukitupa. Amekipiga randa, amekilainisha, kimekuwa laini kama shavu. Anataka kukichonga jina la mtoto, kitundikwe juu ya kitanda chake, apate kipande cha mlango wa babu yake. Ameketi jikoni kwangu tangu asubuhi na patasi, anamaliza biskuti zangu zote, anangoja jina.

Basi amueni, wewe na Magnus, na msigombane. La bibi yake ni zuri, lolote ni zuri. Ila ubao ni mdogo, mzee anasema herufi zisizidi saba. Lete jina upesi, kwa posta ya kwanza, kabla ya Alhamisi. Au mwambie Magnus apige simu kwa kina Clough. Ikilia nitakwenda kuipokea mwenyewe.

Mama yako,
na bibi yake.