Masizi Kwenye Jina la Bibi

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Wino,

Zipokee salamu zangu, kisha kaa vizuri maana nina mengi. Hujambo? Kile kifua kimepona? Unakula, au unalamba rangi? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo ni la zamani, nimeshalizoea.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ya tano nilimsomea Mama Mapacha, ya sita kinyozi, na ya saba niliisoma kwenye foleni ya maji, lakini pale sikupandisha sauti. Nilisoma kwa sauti yangu ya kawaida.

Sasa mtaa mzima unajua kwamba vioo vya rangi vya ukumbi wa kungojea, pale hospitali ya wazazi, vinatengenezwa kwenye karakana yenu. Wanajua ni wakunga saba, kila mmoja na kioo chake, na kioo cha tatu ni cha mama yangu, bibi yako, aliyewapokea nusu ya watu wa mji huu wakiwa uchi na wanalia. Na wanajua mkono utakaoliandika jina lake ni wako. Uliokuwa unachora kuta zangu kwa mkaa nikakupa jina la Wino na kofi juu yake! Lile kofi nalirudisha leo, limegeuka busu.

Uzinduzi ni tarehe 28. Nimeshawaalika watu kumi na wanne. Usinitie aibu, kioo kifike siku yake.

Mimi mama yako,
anayekuringia

Tarehe 12 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kifua kimepona na ninakula. Pole na goti.

Mama, watu kumi na wanne? Nilisema umwambie Mama Mapacha tu!

Hujaniuliza kazi yenyewe ikoje, lakini nakueleza. Kwanza kioo chote nakipaka rangi, kinakuwa cheusi kabisa. Rangi yetu ni unga wa kioo na kutu ya chuma, tunaukoroga kwa maji na gundi kidogo. Ikikauka, nachukua kijiti kilichochongwa nakwangua herufi moja moja, na mwanga unapita pale nilipokwangua. Kwa hiyo jina siliandiki hasa. Naondoa giza pale jina linapokaa. Kisha kioo kinaingia tanurini, na rangi ikiiva inashikana nacho, hata ukisugua mwaka mzima haitoki.

Herufi ya kwanza ya jina la bibi nimeipa tumbo kama la mjamzito wa miezi tisa. Nilidhani angecheka.

Sasa jambo la siri, na ukilisoma kwenye foleni ya maji sikuandikii tena. Macho ya Fundi Kope yamechoka. (Tunamwita Kope kwa sababu hana hata moja, tanuri limezila zote.) Amesema vioo hivi vikikaa vizuri, meza ya maandishi itakuwa yangu. Mama, wapo wawili hapa wanaoingojea meza hiyo tangu kabla sijaja. Wiki hii yeye yuko kwa daktari wa macho, na tanuri liko mikononi mwangu. Lori linakuja tarehe 20. Niombee.

Mwanao

Tarehe 1 Machi

Wino wangu,

Hujambo? Mimi jana nilikuwa mzima kupita wote duniani. Hata goti lilinyamaza.

Mwanangu, sijui nianzie wapi. Pazia lilipoondolewa jua likaingia, na majina saba yakalala sakafuni kwa rangi, nyekundu, samawati na ya asali, yakatambaa mpaka kwenye viatu vya watu. Jina la mama lilinipanda miguuni. Nilisimama palepale kama nimepigiliwa msumari. Mama Mapacha akaninong'oneza, "Usilie, utaharibu poda." Nikamwambia, "Poda ni yangu na mama ni wangu, niache."

Kinyozi ameliona tumbo la ile herufi, kacheka, eti hapo bado wiki moja. Mkuu wa Wauguzi, mwanamke wa maneno machache kama anayachomoa benki, alinishika mkono akasema, "Hongera." Nikamwambia, "Asante, na mwandishi atapewa meza." Ilinitoka. Lakini kusema kweli haikunitoka sana, niliisukuma kidogo.

Kuna kasoro moja tu, wala si yako. Pembeni mwa jina la mama, kuzunguka herufi, nimeona masizi. Jiko la hospitali lipo kando ya ukuta huo, na wasafishaji wa siku hizi wanapangusa kwa macho. Usijali. Mikono hii imefua mashuka ya hoteli miaka thelathini. Keshokutwa nakwenda na ndoo yangu, jina la mama litokeze sawasawa.

Mama yako

Tarehe 8 Machi

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka niwahi posta.

Usiguse kioo! Yale si masizi. Ni giza nililoliacha makusudi ili jina lionekane. Usikisugue, usikipanguse hata kwa kitambaa laini. Tafadhali Mama, nijibu upesi uniambie hujakwenda.

Mwanao

Tarehe 25 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Unaumwa? Goti? Nimemwandikia kinyozi, amenijibu kwamba upo, unatembea, ila siku hizi hukai kibarazani na hospitali unaipita kwa upande wa pili wa barabara. Nimekukosea nini?

Huku mambo yameharibika. Hospitali wameandika kwamba kioo cha bibi kimetoka rangi, jina limefutika, imebaki ile herufi ya kwanza na kipande cha ya mwisho. Hawajui imekuwaje. Fundi Kope aliisoma ile barua akiwa ameibandika puani, akaniuliza, "Ulichoma sawasawa?" Nikajibu ndiyo, kama vingine. Hakugomba, na ingekuwa heri angegomba. Alikichukua kijiti changu mezani akakitia mfukoni mwake, akanionyesha ufagio.

Sasa nafagia, na kufunga vioo kwenye nyasi kavu. Mmoja wa wale wawili amekalia meza, anaandika herufi nyembamba kama njiti zenye njaa. Akikosea anapiga mluzi.

Meza naweza kuivumilia. Kimya chako siwezi.

Mwanao

Tarehe 4 Mei

Mwanangu,

Sijui kama nina haki ya kukusalimu. Hujambo?

Ni mimi.

Nilikwenda tarehe tatu Machi asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa. Nilichukua sabuni ya unga, majivu na ule waya wa kusugulia sufuria. Nikapanda kwenye benchi. Nilianza pembeni taratibu, nikaona sizi linatoka, maji yanashuka meusi, nikafurahi! Nikaongeza nguvu. Nikawa naongea na mama yangu, namwambia, "Kaa hapo nikuoshe uso." Kadiri nilivyosugua, mwanga uliongezeka, nami nikadhani ndilo jina linang'aa. Niliposhuka na kurudi nyuma nitazame, jina halikuwepo. Mbali na ile herufi ya tumbo na kipande cha ya mwisho, palikuwa na mwanga mtupu.

Wino, nilikimbia. Mimi na goti langu, na ndoo mkononi, nilitokea mlango wa jikoni. Barua yako ya "usiguse" ilifika siku kumi na mbili baadaye. Niliiweka chini ya godoro, nikawa nailalia.

Mimi ndiye niliyewatangazia watu kumi na wanne, na mimi ndiye niliyelifuta. Kila nikishika kalamu niliona haya. Nikajidanganya kwamba pengine hawatajua ni karakana ipi. Sikujua wewe unafagia. Laiti ningejua, ningeandika siku hiyohiyo.

Sasa nisikilize, nimepata dawa. Nitamwandikia Fundi Kope kwamba nilimwaga tindikali. Nitasema niliinunua kwa ajili ya choo, nikachanganya chupa. Nani atabishana na mama mtu mzima? Utarudishiwa meza yako. Nipe ruhusa tu, uongo wenyewe nimeshauandika, nimeuandika vizuri kuliko barua hii.

Mama yako,
kama bado

Tarehe 13 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo mara ya pili kwa ile ya "kama bado". Usiniandikie hivyo tena.

Ule uongo uchane. Siwezi kukuacha ubebe mzigo ambao nusu yake ni yangu, tena nusu kubwa.

Kumbuka nilichokuandikia: rangi ikiiva haitoki hata ukisugua mwaka mzima. Ya bibi ilitoka kwa asubuhi moja. Basi haikuiva.

Kioo chake nilikirudia mara tatu kwa sababu ya lile tumbo, halikunipendeza. Vile sita vilishachomwa. Chake kikaingia tanurini peke yake siku ya mwisho, na lori likaja mapema likawa linapiga honi mlangoni. Nikawaona akilini watu wako kumi na wanne wamesimama mbele ya tundu la tanuri. Nikazima moto kabla ya wakati wake. Huwa tunaweka kipande kidogo cha majaribio ndani, tukikitoa tunakisugua, ndipo kioo kinaruhusiwa kutoka. Kile cha bibi sikukisugua, Mama. Niliogopa kitakachoniambia. Ndiyo maana nilikukataza hata kitambaa. Na Fundi aliponiuliza nilimdanganya usoni, na macho yake yale yaliyochoka.

Jana nilimwambia yote. Akauliza, "Aliyesugua ni nani?" Nikasema mama yangu. "Kwa nini?" Nikasema aliona masizi kwenye jina la mama yake. "Kwa kitu gani?" Nikamtajia sabuni, majivu na waya. Alicheka mpaka akajipangusa macho. Kisha akaacha kucheka. Akasema, "Kioo kingedumu mvua mbili, kingenitia aibu nikiwa kaburini. Utakiandika upya. Nikiridhika nacho kitakwenda, lakini hukohuko kitajaribiwa na mkono uleule. Kikikaa, meza ni yako. Kikitoka, ufagio ni wako moja kwa moja."

Mkono uleule ni wako.

Mwanao

Tarehe 20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nusu mzima.

Uongo nimeuchana, ingawa kuna sentensi nilizisikitikia. Leo nimekwenda kwa Mkuu wa Wauguzi nikamweleza kila kitu, na ndoo yangu nikamwonyesha kama ushahidi. Akasema, "Nilijua. Uliacha kifuniko cha sabuni juu ya benchi." Alijua miezi miwili, Wino, na alikuwa ananisalimu!

Lakini hilo la kusugua tena siliwezi. Muombe Fundi achague mtu mwingine. Mimi jina la mama nimeshalifuta mara moja. Mikono inakataa.

Mama yako

Tarehe 27 Juni

Mama,

Shikamoo. Kioo kimeondoka leo. Kilikaa tanurini tangu asubuhi mpaka jioni, na lori lilipiga honi nikalijibu likalale. Kipande cha majaribio nimekisugua mbele ya karakana nzima. Kimekaa.

Tumbo la herufi ni lilelile, na giza ni lilelile.

Fundi hataki mtu mwingine, nami simtaki. Chukua waya mpya, usinionee huruma. Ukinihurumia utakuwa umeniachia wasiwasi wa maisha, kila mvua ikinyesha niamke nifikirie hospitali. Sugua kama shuka la hoteli.

Mwanao

Tarehe 9 Julai

Wino wangu,

Salamu za moto. Hujambo, hujambo, hujambo?

Niliapa nitakwenda peke yangu. Nilimwambia Mama Mapacha tu, anishikie ndoo. Nilipofika nikawakuta kumi na saba, na kinyozi kafunga duka. Sasa hilo si kosa langu.

Nilipanda benchi. Mkuu wa Wauguzi akanishika kiuno, nisianguke akapata mgonjwa asiye wa idara yake. Jina la mama likanitazama. Mwanangu, waya ukawa unagonga kioo kama meno ya mtu mwenye homa. Nikashuka. Nikasema siwezi, turudi nyumbani. Pale palikuwa na msichana anayengojea zamu yake, tumbo lake mbele kama la herufi yako. Akauliza, "Mama, mbona unataka kumfuta huyo?" Nikamjibu, "Simfuti. Binti yangu ameniambia hafutiki, nakwenda kuhakikisha." Nilipojisikia nikisema hivyo, nikapanda tena.

Nilisugua, Wino. Kwanza kwa uoga, kisha kama shuka la mlevi. Sabuni ikanitiririka mpaka kwapani. Nikatia majivu, nikabadilisha mkono. Kisha Mama Mapacha akamwaga maji.

Mama yangu yupo. Herufi zote, na tumbo lake. Na giza lako lote nimelikuta mahali pake, sijaondoa hata tone.

Yule msichana ameitwa ndani bado nikiwa juu ya benchi. Kabla hajaingia aliniomba nimsomee jina, nikamsomea, kwa sauti yangu ya kawaida. Mpaka jikoni walitoka kutazama.

Kwenye bahasha nimetia ule waya. Mpe Fundi Kope mkononi, aupapase kama haoni vizuri. Mwambie ulikuwa mpya, na kilichokwisha ni waya.

Mama yako,
mama wa mwenye meza