Nguzo Haikuguswa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana barua hii si fupi, na mimi nikianza kusema unanijua. Natumaini u mzima, kile kiuno ulichokuwa unakilalamikia kimetulia, na unakula chakula cha kueleweka, si chai na mkate asubuhi halafu mkate na chai jioni. Ukituuliza sisi, mama ni mzima wa mwili na wa ulimi. Mimi sijambo, ila vidole vyangu vimejaa matundu ya sindano kwa kushona viti vya magari ya watu. Habari za baba zinakuja, niache nizifikie taratibu.

Najua ulinikataza kukuandikia habari zake. Nimekutii kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumtii mtu yeyote, na leo nimechoka kutii. Ukikasirika, kasirika ukiwa umeshamaliza kusoma.

Baba alinunua gari. Usicheke bado. Si gari la kubebea mizigo wala la kwendea sokoni, ni gari la spoti, milango miwili, viti viwili, la chini kiasi kwamba mtu wa umri wake akitaka kuingia lazima amwombe Mungu, na akitaka kutoka amwombe tena. Alilitoa kwenye uwanja wa magari mabovu, majani yameota hadi kwenye boneti, ubavu mmoja umebonyea, na panya wamezaliana ndani ya kiti cha dereva. Ni aina ile ile ya gari uliyokuwa umebandika picha yake juu ya kitanda chako. Alama ya gundi bado iko ukutani. Yeye hakusema kwamba amelichagua kwa sababu hiyo, na sisi hatukumuuliza.

Lilifika likivutwa kwa kamba. Pale getini, kati ya ukuta wa nyumba na ile nguzo uliyoijenga, ilibidi vioo vya pembeni vikunjwe, na watu wote walikuwa wameziba midomo kwa mikono. Likapita likinusa ukuta. Tangu siku hiyo ua wetu ukawa gereji. Kamba ya kuanikia nguo ilihamishwa, kuku walihama wenyewe, na mama akalipa gari jina la mke mwenza, kwa sababu anasema baba hajawahi kumpangusa yeye vumbi kwa upole ule.

Sasa nikwambie kwa nini alilinunua, maana hapo ndipo habari zake zinapoanzia. Baba ameacha kazi yake ya kunyoosha bodi za magari. Kwa watu alisema ameamua kupumzika, lakini mficha maradhi kilio humfichua. Mikono yake inatetemeka. Mama ndiye aliyeona mwanzo, chai ilipokuwa inabaki nyingi kwenye kisosi kuliko kwenye kikombe. Tulimpeleka kwa daktari, na daktari akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitaupunguza mwendo lakini hazitaurudisha ulikotoka, na kwamba baada ya mikono itafuata miguu, na baada ya miguu hata maneno yatamtoka kwa shida. Baba alisikiliza yote, akashukuru, na njiani akaniambia kwamba maisha yake yote amenyoosha magari ya watu waliogongana kwa upumbavu wao, hajawahi kutengeneza gari moja la kwake. Alitaka kulitengeneza kabla mikono haijamkana, kisha alitoe mwenyewe barabarani, akiwa kwenye usukani. Hakutaka kitu kingine chochote.

Basi tukafanya kazi. Injini alikuja kuifufua rafiki yake wa zamani wa gereji. Mimi nilipewa viti, nikavivua hadi vikabaki mifupa, nikavijaza sponji mpya na kuvivalisha ngozi ya kahawia, na kila mshono niliopiga baba aliukagua na kuukosoa kama vile ananilipa. Yeye alishika bodi. Alitaka matairi mapana, gari likae kama mtu aliyekanyaga vizuri, kwa hiyo fenda zote nne, yale mabati yanayofunika matairi, alizikata na kuzitengeneza upya, zimefura kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Hakununua za kiwandani. Aliweka bati juu ya mfuko wa mchanga na kuligonga kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, kisha anafumba macho na kupitisha kiganja akitafuta penye kasoro. Na mkono ule unaomwaga chai, kaka, ukishika nyundo ulikuwa unatulia. Mama alikuwa akija kusimama mlangoni kuuangalia tu, kisha anarudi ndani bila kusema neno, na mama kukosa neno unajua maana yake.

Siku moja ndipo aliposema. Aliuliza hilo gari likishanona namna hiyo litatokaje. Baba akamjibu kwamba mlango lilioingilia ndio litakaotokea, na kwamba wanawake wanapenda kuleta mikosi. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, sikumuunga mkono mama. Hakuna aliyechukua tepu kupima. Mafundi wawili ndani ya nyumba moja, na mwenye akili alikuwa mpishi.

Tulilipuliza rangi, bluu iliyokolea, ile ya kwenye picha yako. Siku ya kulitoa baba alivaa shati la kupigwa pasi. Aliingia mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akawasha, na mlio ukawatoa majirani majumbani mwao. Likasogea polepole hadi getini na hapo likakoma. Fenda za mbele zilikuwa pana kuliko nafasi kwa upana wa kiganja. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, nisikufiche. Kisha tukamwona baba ndani ya gari, mikono imeshika usukani, usukani wote unatetemeka, na kicheko kikatuishia.

Ufumbuzi ulikuwa mmoja tu. Ukuta wa nyumba umebeba paa, na nyuma yake ndipo kilipo kitanda cha mama. Huo hauguswi. Iliyobaki ni nguzo yako. Akaitwa jirani yetu mwashi, yule Nyundo uliyeanzia kazi kwake, akasema ataivunja asubuhi na kufikia jioni atakuwa amesimamisha nyembamba zaidi. Nilifurahi, kwa nini nikudanganye. Nguzo ile imenikosesha kaka. Sijasahau siku uliyomleta mkandarasi aione ili akuajiri, umevaa viatu vya kuazima, na baba akatoka, akafumba jicho moja kama anavyokagua bodi, akacheka mbele yenu akisema nguzo imepinda, na kwamba jicho la fundi bodi halidanganywi. Kweli ukiitazama pale inaonekana imepinda, nafasi ya juu ni kubwa kuliko ya chini. Mkandarasi aliondoka hata maji hakunywa, na wewe hukulala hapa usiku ule. Kwa hiyo mimi ningeishika hiyo nyundo mwenyewe.

Nyundo alikuja na vifaa vyake, akaning'iniza timazi kwenye nguzo apate pa kuchora mstari. Baba alikuwa amekaa juu ya ndoo akimtazama. Ghafla akamwambia arudie kupima. Nyundo akarudia. Akamwambia tena, kisha akainuka, akachukua ile kamba yenye risasi nchani kwa mikono yake mwenyewe, akasogea nayo ukutani. Mimi niliitwa ndani na mteja wa viti, na niliporudi Nyundo alikuwa anakusanya vifaa vyake. Baba alikuwa amemwambia aende, nguzo haivunjwi. Hakutoa sababu. Mama alimsihi, rafiki wa injini alimsihi, mimi nilimfokea, Mungu anisamehe. Nilimwambia miguu yake haingoji, kwamba kiburi chake kilishatutoa mtu mmoja katika nyumba hii na sasa kitamla mwenyewe. Aliniitikia kwa kichwa kama ninayesema kweli.

Kesho yake nilisikia grenda, ile mashine ya kukatia chuma. Nilitoka mbio nikamkuta amepiga magoti kando ya gari, anazikata fenda. Zile zile. Rangi inaungua, bati linalia, na kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya inaanguka chini vipande. Mama alishika kichwa akasema sasa ugonjwa umepanda juu. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoona mstari anaoukata unakwenda upogo kama wa mtu anayeandika akiwa ndani ya gari linalokimbia. Grenda ni nzito lakini haikumtuliza. Akaizima, akakaa chini, akaninyooshea mimi.

Nilimwambia mimi hukata sponji na ngozi, sijui chuma. Akasema chuma nacho ni kitambaa, tofauti yake kinaudhi. Akaniwekea mkono begani na kuniongoza, taratibu hapa, bonyeza hapa, acha lipoe, na mtetemeko wake ukawa unanishukia mwilini mpaka nikahisi ni wangu. Tukiwa tumefika fenda ya mwisho aliniambia nizime. Niliandike neno lake kama alivyolisema, kwa kuwa sitaki kulitia chumvi.

"Nguzo imenyooka," aliniambia. "Nimeipima mara tatu. Nyumba ndiyo iliyopinda, na nyumba niliijenga mimi."

Ndivyo ilivyo, kaka. Nilichukua timazi nikaipima mwenyewe, maana simwamini mtu. Nguzo yako haijaachana na kamba hata kwa unene wa uzi. Ukuta wa nyumba ndio unaoegemea nyuma, tangu kabla hatujazaliwa, na ukiviweka viwili pamoja macho yanailaumu nguzo. Miaka yote hii kila aliyepita pale amemwamini baba. Hata mimi. Nyani haoni kundule, lakini hili kundule tumelala ndani yake sote.

Alilia. Sijawahi kumwona akilia, na alilia vibaya, kama mtu asiyejua namna ya kufanya. Aliniambia angekuandikia mwenyewe, lakini kalamu ni nyepesi kuliko nyundo, na vitu vyepesi ndivyo vinavyomshinda. Nikamuuliza kwa nini basi asingeivunja tu nguzo, akaomba radhi baadaye. Akasema aliivunja mara moja mbele ya watu, haivunji tena.

Tulipomaliza kupunguza, gari likawa halitazamiki. Fenda zimebanwa, matairi yamebadilishwa, mabaka ya puti ya kuziba bodi kila mahali mithili ya mtoto mwenye ukurutu. Siku ya kulijaribu hakutaka injini. Majirani walilisukuma, na yeye akasimama getini, akaegemeza mgongo wa mkono wake kwenye nguzo, kiganja kimeelekea gari. Likapita. Mkono ule ulikuwa ukigonga nguzo, ukigonga bodi, ukigonga nguzo, mpaka taa za nyuma zikatoka nje. Wote tulidhani sasa atapanda, safari yake imefika. Akawaambia walirudishe ndani, kinyumenyume, uso utazame barabara.

Hapo ndipo ninapokuja kwa lile lililonifanya nikuvunjie agizo. Baba hawezi tena kuendesha. Ilikuwa imebaki nafasi ya siku chache tu alipokuja Nyundo, na siku hizo alizimaliza kwenye kukata. Alijua. Daktari alikuwa ameshamwambia, na yeye akatuficha, akachagua. Sasa mguu wa kulia unaburuta, na maneno yake yameanza kushikana, mama ndiye anayemtafsiria kwa wageni. Kila mchana tunamshika tunampeleka kwenye gari, naye anaketi kiti cha abiria, mlango wazi, anatazama geti. Siku moja nilijisahau nikakaa kwenye usukani kumpa mazungumzo. Aliniambia nitoke, kiti kina mwenyewe.

Sikuagizi uje kwa sababu ni mgonjwa. Najua ukubwa ni jalala, umetupiwa mengi, na hili si dogo. Yeye mwenyewe hakusema uje umsamehe. Nilipomwambia nakuandikia, alichukua muda mrefu kuyapanga maneno, kisha akasema hivi: "Mwambie aje na timazi. Aite majirani. Anipime mimi mbele yao."

Mama anakusalimu sana, anasema shati lako la kijivu bado analifua ingawa halijavaliwa. Nyundo anakusalimu, ameona aibu na hasemi kwa nini, nadhani naye alikuwa ameamini. Wasalimie unaoishi nao na unaofanya nao kazi. Mimi niko pale pale chumbani kwangu na cherehani, na mlio wowote wa gari barabarani unanisimamisha mkono.

Viti viko viwili tu, kwa hiyo usihangaike kunifikiria, mimi nitawafungulia geti. Cha dereva nimekisogeza nyuma kidogo, kwa ajili ya miguu yako.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano